Thamani ya kwenye televisheni si bei ya sokoni

Na Mwandishi wa Ukurasa wa Masoko

MSAFIRI anayekula chakula cha usiku kando ya barabara kuu pale Mikumi, mahali ambapo malori yaendayo Zambia na Kongo hupumzika, mara nyingi hukuta televisheni imewashwa. Saa nyingine ni mpira, saa nyingine ni taarifa ya habari, na saa nyingine ni vile vipindi vya kigeni vinavyoletwa na ving'amuzi, ambamo mtu huleta kitu cha zamani, mtaalamu akakigeuzageuza, kisha akataja kiasi: dola elfu tano, dola elfu hamsini. Mwenye mali hushika kifua na watazamaji hucheka. Halafu mmoja mezani hukumbuka kwamba kwa bibi yake Kilosa kuna sarafu ya Mjerumani, au kwamba shemeji yake ana jiwe jekundu aliloliokota mtoni.

Kicheko kikishaisha, biashara huanza. Mwenye jiwe hupandisha bei, mwenye fedha huanza kuhesabu akiba yake, na mtaji uliokuwa ununue magunia ya mpunga au ufuta hugeuka kuwa mtaji wa kununua jiwe. Kwa hiyo swali la wiki hii ni la wafanyabiashara hasa: je, thamani inayotajwa na mtaalamu mbele ya kamera inaaminika kiasi gani?

Jibu fupi ni kwamba kiasi hicho ni maoni. Bei ni fedha iliyokwisha kulipwa. Kati ya hivyo viwili kuna gharama, muda, sheria na wakati mwingine udanganyifu, na wengi waliopoteza mtaji waliupotezea katikati hapo.

BEI NNE ZA KITU KIMOJA

Kwanza tufahamu vipindi vyenyewe. Antiques Roadshow kilianzishwa na shirika la BBC la Uingereza mwaka 1979, na toleo la Marekani lilianza kuonyeshwa mwaka 1997. Humo watu huleta vitu vyao, mtaalamu hutaja thamani, na mwenye kitu hurudi nacho nyumbani. Hakuna anayenunua, kwa hiyo hakuna anayejua kama kiasi kilichotajwa kingelipwa kweli. Pawn Stars, kilichoanza mwaka 2009, ni tofauti. Kinahusu duka la rehani la Las Vegas, na mwenye duka hununua papo hapo.

Mtazamaji makini wa kipindi hiki cha pili ataona jambo moja. Mtaalamu akisema kitu kitafika dola 10,000 mnadani, mwenye duka hatoi dola 10,000. Hutoa kiasi kilicho chini sana, na hueleza sababu: kodi ya pango, gharama ya kukisafisha, ada ya mnada, na miezi ambayo kitu kitakaa rafuni kikisubiri mteja. Pengo hilo lina mafunzo zaidi kuliko kiasi alichotaja mtaalamu.

Mkulima wa Kilosa analifahamu pengo hilo vizuri, ila kwa jina jingine. Mchele wa shamba moja una bei yake ukiwa mpunga shambani, bei nyingine mashineni, na bei nyingine dukani Morogoro au Dar es Salaam. Hakuna anayesema kwamba mmoja kati ya wauzaji hao ni mwongo. Kila bei ina mahali pake.

Vivyo hivyo kwa vitu vya thamani. Ipo thamani ya bima, yaani fedha zinazotosha kununua kingine kama hicho dukani endapo kitaibiwa. Hii kwa kawaida ndiyo kubwa kuliko zote. Yapo makadirio ya mnada, ambayo hutolewa kwa kima cha chini na kima cha juu. Ipo bei ya jumla, ambayo mfanyabiashara humlipa mfanyabiashara mwenziwe. Mwisho ipo bei ya kuuza kwa haraka, anayolipwa mtu mwenye shida ya ada ya shule wiki ijayo. Mtaalamu wa televisheni aghalabu hutaja mojawapo ya zile mbili za kwanza. Mwananchi anayetoka nyumbani na kitu mfukoni hukutana na moja ya zile mbili za mwisho.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kitu kimekadiriwa kufika Sh milioni 10 mnadani, na dalali wa mnada anachukua asilimia 15. Zinabaki Sh milioni 8.5. Toa nauli, ulinzi na kipimo cha maabara, tuseme Sh 700,000. Zinabaki Sh milioni 7.8. Mnunuzi wa kati akitaka faida ya Sh milioni 2 kwa sababu fedha zake zitakaa miezi sita bila kuzunguka, atakupa Sh milioni 5.8. Hajakuibia. Lakini wewe uliyetoka nyumbani ukiwa umeshika "milioni kumi" utaona umeibiwa, na kama ulikopa ukitegemea milioni kumi, basi deni limekuingiza matatani kabla mauzo hayajafanyika.

MTAALAMU NAYE HUKOSEA

Tatizo la pili ni kwamba hata mtaalamu mwaminifu hukosea. Mwaka 2015, katika Antiques Roadshow ya Marekani, mtu alileta mtungi wa udongo wenye nyuso za kutisha, alioununua kwa dola 300. Mthamini alisema unaweza kuwa wa mwishoni mwa karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20, akaupa thamani ya kati ya dola 30,000 na dola 50,000. Kipindi kilionyeshwa Januari 2016. Baada ya hapo ikabainika kwamba mtungi ule ulifinyangwa na mwanafunzi wa sekondari katika jimbo la Oregon miaka ya 1970. Makadirio yakashushwa hadi kati ya dola 3,000 na dola 5,000.

Msomaji atambue kilichomkosesha mtaalamu yule. Hakuwa na historia ya kitu, bali alikuwa na macho yake na dakika chache. Angejua mtungi ulipita mikononi mwa nani tangu ulipofinyangwa, asingekosea. Ndiyo maana katika biashara ya vitu vya kale karatasi za umiliki ni sehemu ya bei.

Baya zaidi ni pale mtaalamu anapokuwa na maslahi. Katika toleo hilo hilo la Marekani, wathamini wawili wa vifaa vya kijeshi walishtakiwa na kukiri makosa ya udanganyifu mwaka 2001. Ilibainika kwamba uthamini wa upanga mmoja uliorushwa mwaka 1997, ambao mwenyewe alidai familia yake iliutumia kukatia matikiti, ulikuwa mchezo uliopangwa. Kisha, kwa kutumia jina walilolipata kwenye televisheni, walinunua kwa bei ndogo kumbukumbu za vita kutoka kwa wajukuu na vitukuu wa maofisa wa zamani, wakaziuza kwa faida kubwa mno. Mmoja wao alihukumiwa kifungo mwaka 2002 na kuamriwa kulipa fidia ya dola 830,000.

Na kipindi chenyewe nacho huweza kutengenezwa. Mwaka 2012 mshiriki mmoja wa Storage Wars, kipindi cha kunadi mali zilizotelekezwa maghalani, alifungua kesi akidai kwamba watayarishaji huweka vitu vya thamani ndani ya maghala kabla ya mnada. Pande hizo mbili zilimalizana mwaka 2014. Liwe lilikuwa kweli au la, mfanyabiashara akumbuke kwamba kazi ya kipindi ni kuvuta watazamaji.

JIWE LETU LILILOANGUSHA KAMPUNI UINGEREZA

Anayedhani haya ni mambo ya Wazungu tu asome kisa hiki, maana jiwe lililohusika lilibeba jina la nchi yetu.

Kampuni ya ujenzi ya Wrekin, ya Shropshire nchini Uingereza, ilikuwa na rubi kubwa isiyochongwa yenye uzito wa takriban kilo 2.1, iliyoitwa "Gem of Tanzania". Rubi hiyo iliingizwa katika kampuni badala ya hisa, na katika vitabu vya hesabu ikaandikwa kuwa na thamani ya pauni milioni 11. Kwa mtu anayesoma mizania peke yake, kampuni ilionekana imeshiba mali. Machi 2009 ilifilisika na mamia ya wafanyakazi wakakosa kazi.

Wafilisi walipofuatilia waraka wa uthamini ulioitaja taasisi ya vito ya Italia, ikaonekana kwamba waraka haukuwa halali. Jiwe lenyewe lilipouzwa mwaka 2010 lilipata takriban pauni 8,000. Yaani katika kila pauni 1,000 zilizoandikwa kitabuni, sokoni haikupatikana hata pauni moja kamili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha Wrekin kinaonyesha upande wa pili, kwamba daftari bila mali nalo hupoteza watu. Mwekezaji mdogo anayenunua hisa, iwe katika Soko la Hisa la Dar es Salaam lililoanza biashara Aprili 1998, iwe katika chama cha akiba na mikopo cha mjini kwake, anapaswa kuuliza mali kubwa zilizoandikwa kwenye hesabu zilithaminiwa na nani, lini, na kwa madhumuni gani. Pia aangalie kama mali hiyo inaweza kugeuzwa fedha haraka. Mshahara wa mafundi haulipwi kwa jiwe.

KILO SI UBORA

Watu wengi huku kwetu huuliza jiwe lina uzito gani kabla ya kuuliza lina sura gani. Aprili 2022 vyombo vya habari vya dunia vilionyesha rubi nyingine kubwa ya Tanzania, iliyopewa jina la Burj Alhamal, ikiwa Dubai. Thamani iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Habari zilizosambaa zilisema jiwe lina uzito wa kilo 2.8 na karati 8,400.

Hapo mwenye kalamu angeweza kusimama kidogo. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kilo 2.8 ni karati 14,000. Karati 8,400 ni kilo 1.68. Takwimu hizo mbili haziwezi kuwa za jiwe moja, lakini zilitangazwa pamoja. Ikiwa uzito, ambao mtu hupima kwa mizani tu, umetajwa kwa namna mbili zinazopingana, msikilizaji ana haki ya kuuliza dola milioni 120 zilipimwa kwa mizani gani.

Sasa tulinganishe na jiwe lililouzwa kweli. Mwaka 2022 katika machimbo ya Montepuez, kwa majirani zetu Msumbiji, ilipatikana rubi ya karati 101. Ilipochongwa ilibaki karati 55.22, yaani gramu 11 hivi. Juni 2023 iliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini New York kwa dola milioni 34.8. Gramu 11 zilipata mamilioni, na kilo mbili za "Gem of Tanzania" zilipata pauni elfu nane. Tofauti iko katika rangi, uangavu, nyufa na uwezekano wa kuchongwa. Jiwe kubwa lenye ukungu na nyufa ni zuri kwa maonyesho, lakini mchongaji hapati kitu.

Mfano wa nyumbani ni wa Bw. Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani. Juni 24, 2020 alilipwa Sh bilioni 7.74 na Serikali kwa mawe mawili ya tanzanaiti, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 9 na jingine zaidi ya kilo 5. Agosti mwaka huo akauza la tatu, la kilo 6.3, kwa takriban Sh bilioni 4.8. Kwa hesabu ya haraka, jiwe la Agosti lilipata fedha nyingi zaidi kwa kila gramu kuliko yale ya Juni, ingawa kwa uzito lilikuwa dogo kuliko lile kubwa la kwanza.

Tukio la Mirerani lilionyeshwa kwenye televisheni kama vile vipindi vya kigeni, lakini lilikuwa na jambo ambalo vipindi hivyo havina. Mnunuzi alikuwepo na hundi ilitolewa. Uthamini ukifuatwa na malipo unakuwa bei.

HATA MABILIONI YANA "KATI YA"

Uthamini uliosikilizwa na Watanzania wengi pengine kuliko wowote ulikuwa ule wa mchanga wa madini, yaani makinikia. Mei 24, 2017 kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilikabidhi taarifa yake kwa Rais John Magufuli, na wananchi wakafuatilia moja kwa moja. Katika makontena 277, kamati ilisema thamani ya madini yote ilikuwa kati ya Sh bilioni 829.4 na Sh bilioni 1,439.8.

Kampuni ya Acacia ilipinga matokeo hayo. Mvutano ulimalizwa kwa mazungumzo na kampuni mama ya Barrick, ambayo mwaka 2019 ilikubali kulipa dola milioni 300, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16. Ukurasa huu hauamui nani alikuwa sahihi maabara. Tunachotaka msomaji akione ni lile neno "kati ya". Kima cha juu kilizidi kile cha chini kwa zaidi ya asilimia 70, na yote mawili yalitoka kwa wataalamu wale wale, waliopima sampuli zile zile. Vijiweni watu walibeba kima cha juu peke yake.

Mfano mwingine ni wa Septemba mwaka huo huo. Almasi za mgodi wa Mwadui zilizokuwa zikisafirishwa kupitia uwanja wa ndege wa Dar es Salaam zilizuiliwa. Nyaraka zilisema dola milioni 14.8, uthamini wa pili wa Serikali ukasema dola milioni 29.5. Kampuni ilikanusha kutenda kosa. Kifurushi ni kile kile, lakini thamani ya pili ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Ikiwa wenye vyombo na wataalamu wa kazi hiyo wanatofautiana hivyo, mwenye jiwe ndani ya leso asidhani kwamba jibu moja linamtosha.

SARAFU ZA BIBI

Turudi Kilosa. Mji huu uko kwenye Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, na kama ilivyo miji mingi ya reli, masanduku ya wazee hayakosi sarafu za zamani. Neno letu "hela" lenyewe linatokana na Heller, sarafu ya utawala ule. Tangu mwaka 1904 hela 100 zilifanya rupia moja.

Hapa napo televisheni na simu za mkononi zimewasha moto. Mtu husikia kwamba sarafu ya Mjerumani inauzwa maelfu ya dola, na ni kweli ipo ya namna hiyo. Ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora katika karakana ya reli mwaka 1916 wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu. Lakini katika karakana hiyo hiyo, katika mwaka huo huo, zilitengenezwa pia sarafu za shaba za hela 5 na hela 20, tena kwa wingi mkubwa. Zote zina mwaka 1916, na zote ni "za Mjerumani". Mkusanyaji hulipa fedha nyingi kwa ile ya kwanza, na kidogo sana kwa hizi nyingine, hasa zikiwa zimechakaa.

Kwa hiyo kusema "sarafu ya Mjerumani ina thamani" ni sawa na kusema "ng'ombe ana bei". Yupi? Wa umri gani? Mnada gani?

Tahadhari nyingine: usiisugue sarafu kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha. Wakusanyaji hutaka sura yake ya asili, na sarafu iliyosuguliwa hushuka bei hata kama ni adimu.

Ipo pia hila inayojirudia mijini. Mtu anakuja akisema ana mnunuzi wa nje atakayelipa mamilioni, lakini kwanza inahitajika "ada ya uthamini", au "ada ya cheti". Ukishalipa, mnunuzi haonekani. Kanuni ni rahisi: mnunuzi wa kweli hukupa fedha, hakuombi.

Kwa wa Mikumi lipo la ziada. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 iko mlangoni pao, na mara kwa mara vipindi vya kigeni huonyesha vitu vya kale vya pembe za ndovu vikikadiriwa bei. Hapa kwetu kuwa na pembe au nyara yoyote bila kibali ni kosa kubwa. Kitu kisichoweza kuuzwa kihalali hakina bei. Kina adhabu tu. Madini nayo yana njia yake: huuzwa kwa wenye leseni na katika masoko ya madini, ambayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita. Huko jiwe hupimwa na kuthaminiwa mbele ya mwenye mali. Anayehesabu faida akumbuke pia mrabaha wa asilimia 6 kwa vito ghafi na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyowekwa mwaka 2017.

NYUMBA NA SHAMBA

Wengi wa wasomaji wetu hawatauza rubi maishani mwao. Lakini karibu kila mmoja, siku moja, atakuwa na mthamini mlangoni kwake, kwa sababu anakopa benki kwa dhamana ya nyumba, au kwa sababu mradi unapita shambani. Reli ya kisasa kati ya Morogoro na Makutupora imepita wilayani Kilosa, na mahandaki yake yamo katika milima yake. Tangu mwaka 2024 treni za abiria zinakwenda Dodoma. Kwa hiyo uthamini si jambo geni hapa.

Tofauti na mtaalamu wa televisheni, mthamini wa nchini anabanwa na sheria. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka mthamini awe amesajiliwa na Bodi, na uthamini wa fidia uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fidia si bei ya tofali na mabati pekee. Kanuni za mwaka 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri, malazi na hasara ya faida ya biashara. Mwenye duka asiye na daftari la mauzo atashindwa kuonyesha faida aliyokosa. Aidha, uthamini wa fidia huchakaa: malipo yasipofanyika ndani ya miaka miwili, sheria inataka ufanywe upya.

Kwa mkopaji wa benki, taarifa ya mthamini huwa na thamani mbili: thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Benki hutazama zaidi ile ya pili, kwa sababu ndiyo itakayobaki siku mkopo ukikwama. Mkopaji hutazama ya kwanza kwa sababu inafurahisha. Kosa ni lile lile la kwenye televisheni, ila safari hii kilicho hatarini ni nyumba ya watoto.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOA FEDHA

Msomaji anaweza kukata sehemu hii akaiweka kwenye daftari.

Kwanza, nani amethamini, na je, atafaidika kitu hiki kikiuzwa au kisipouzwa? Anayethamini asiwe ndiye anayenunua.

Pili, ni thamani ya aina gani: ya bima, ya mnada, ya jumla au ya haraka?

Tatu, ni ya soko lipi na ya tarehe gani? Thamani ya New York ya miaka mitatu iliyopita si ya leo Kilosa.

Nne, kitu kilipimwa kwa chombo au kwa macho? Kwa jiwe, dai kipimo cha maabara, kisha wasiliana mwenyewe na maabara hiyo kuhakikisha cheti ni chake. Simu moja kwenda Italia ingeweza kufichua mapema mkasa wa Wrekin.

Tano, kuna kitu kama hicho kilichouzwa na kulipwa hivi karibuni? Siyo kilichotangazwa, bali kilicholipwa.

Sita, baada ya kutoa ada, kodi, nauli na muda, zinabaki ngapi mkononi? Kama jibu halizidi faida ya gunia la mpunga lililokaa ghalani, basi bora mpunga, kwa kuwa mpunga usipouzika unaliwa.

Hatusemi watu wasitazame vipindi hivyo. Vina mafunzo, hasa kwa anayetazama mikono ya mnunuzi badala ya mdomo wa mtaalamu. Wala hatusemi wataalamu hawana maana. Bila wao mwenye rubi nzuri angeiuza kwa bei ya kokoto. Tunasema tu kwamba maoni ya mtu mmoja, yaliyotolewa kwa dakika tatu, mbele ya taa, kwa soko la mbali, si msingi wa kutosha wa kuweka mtaji wa mwaka mzima.

Anayetoka Kilosa kwenda Mikumi hupita kata inayoitwa Ulaya. Akitajiwa thamani ya Ulaya, kwanza aulize ni Ulaya ipi, halafu aulize nani yuko tayari kulipa leo.